Kumkausha Ng'ombe wa Maji

1

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo wanavyosema na sina ubishi nao, ila hakuna anayekutahadharisha kwamba kupona kwenyewe kunaweza kuuma kuliko ugonjwa.

Mgeni wetu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, Tukuswiga, binti wa Rungwe aliyekulia kwenye mvua na migomba, akapangiwa kazi Losiroi ambako mbuzi hugombania kivuli cha nguzo ya umeme. Hakuwa amemaliza hata mwezi alipokuja kwenye nyumba ya birika la maji, mimi nikiwa namlisha Ng'ombe pumba. Alisimama mlangoni kwa adabu, akanisalimu, akasema ana swali na anaogopa nitamcheka.

"Kuuliza si ujinga, mwalimu," nikamwambia. "Uliza."

"Watoto wa hapa wanang'oka meno wakiwa na umri gani?"

Nikamcheka. Akasubiri nimalize, kisha akaeleza kwamba kwao darasa la pili na la tatu ni madarasa ya vibogoyo. Mtoto anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, wenzake wanamtania, na wiki ijayo aliyekuwa anatania naye ana pengo. Darasani kwake Losiroi alikuwa na watoto arobaini na hakuona pengo hata moja. Siku ya kwanza alifurahi. Baadaye alianza kuwachungulia midomo wanaposoma kwa sauti, na hofu ikamwingia.

Nilimjibu kwa majivuno, na sioni haya kusema hivyo, maana yalikuwa majivuno ya Losiroi nzima. Sisi tuliokua kabla ya Ng'ombe tuna meno ya rangi ya kikombe cha chai kisichosuguliwa. Ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya kisima chetu tangu dunia iumbwe. Mtoto anayanywa, yanaingia kwenye meno, kisha yanahamia kwenye mifupa. Mjini tulijulikana tukifungua mdomo tu, kwa hiyo tulijifunza kucheka kwa macho. Ng'ombe alipokuja, miaka minne kabla ya Mwalimu, watoto wetu wakabaki na meno meupe, na mgeni yeyote akipita tuliwapanga mstari tukawaambia wacheke.

"Meupe kweli," Mwalimu akasema. "Lakini ni meno ya utoto, Mama Simaloi. Yote."

Binti yangu Simaloi alikuwa nje anaruka kamba. Nikamwita, nikamshika kidevu, nikamfungua mdomo. Sisi ni wafugaji. Mbuzi akiletwa mnadani tunamfungua mdomo kwanza, tunaangalia meno, tunamwambia muuzaji umri wa mbuzi wake hata kama yeye anadanganya. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemfungua mdomo mtoto wake mwenyewe. Simaloi alikuwa na miaka tisa, na meno yake yalikuwa madogo, yamebanana vizuri, ya mtoto wa miaka mitano au sita. Nilisukuma moja kwa kidole. Halikutikisika.

Ndipo nikaliona gauni lake la shule. Nilimshonea alipoanza darasa la kwanza, na bado lilimfika chini ya magoti. Akina mama wote tulikuwa tunasifu vitambaa vya siku hizi, eti vinadumu, eti mtoto haviwahi kumbana. Losiroi hakukuwa na mtoto mfupi kwa sababu wote walikuwa wafupi pamoja. Hata kipimo cha zahanati, kile kioo ambacho mtoto husimama mbele yake, humlinganisha na wenzake wa kata, na kila mwezi kilituonyesha rangi ya kijani tukaenda zetu nyumbani.

2

Inabidi nieleze Ng'ombe ni nini, maana jina hilo tulimpa sisi.

Waliomtengeneza walimwita utando hai. Ni pande moja la nyama isiyo na damu, pana kama sakafu ya darasa, limelala chini ya birika letu. Ukimwona utasema ni matumbo ya ng'ombe kabla hayajachemshwa. Anakunywa maji mabaya ya kisima, anatoa maji mazuri, anakula pumba na molasi. Mimi ndiye mchungaji wake. Namlisha, namsafisha kingo, na ufunguo wa birika hulala shingoni mwangu.

Kutoa floraidi si ajabu, hata mkaa wa mifupa unaitoa. Ajabu ya Ng'ombe ni kile anachorudisha. Anajua mwili wa mnywaji unahitaji nini na anakichanganya kwenye maji: madini ya kujenga mfupa, na vichocheo vya kuuambia mwili uongezeke au utulie. Anayajua haya kwa mate. Akiwa bado mchanga hajaonja kitu, mate ya kwanza kumfikia ndiyo anayoyashika moyoni, na mwili wenye mate hayo ndio anaouhudumia. Kwa kuwa aliletwa kwa ajili ya watoto, wataalamu waliwapanga watoto wote wa shule wateme kwenye kikombe kimoja. Siku ya uzinduzi kikombe kilikuwa tayari, kimefunikwa kitambaa.

Lakini nani anafungua chanzo cha maji Losiroi bila baraka ya mzee? Mama yangu, Yeyo Nosotua, ndiye mwanamke mkubwa kuliko wote kijijini. Aliletwa mbele, amepinda, mikono yote miwili kwenye fimbo, akamtemea Ng'ombe mate. Kwetu mate ni baraka. Tunamtemea mtoto anapozaliwa, bibi harusi anapoondoka kwao, kijana viganjani anapokwenda safari. Wataalamu walipiga picha, wakatabasamu, wakasema mila ni kitu kizuri. Kisha wakamimina kikombe cha watoto. Kikawa cha pili.

Baada ya Mwalimu kuondoka nilimpigia fundi Kibwana, yule wa mjini anayetuhudumia kwa kioo cha simu. Sikumwambia ninachoogopa. Aliniambia nichovye kijiti cha kupimia ndani ya birika nikionyeshe kwenye kioo, nami nikafanya hivyo. Alikisoma mara mbili.

"Dada Naretoi," akasema hatimaye, "Ng'ombe wenu anauhudumia mwili mmoja. Wa mwanamke. Mzee sana."

Akanieleza taratibu, na ninamshukuru kwa hilo. Mwili wa mzee aliyejaa floraidi unatakiwa uambiwe usijenge tena, uyeyushe kilichozidi kwenye mifupa, utulie. Kwa mzee hiyo ni dawa. Mtoto akinywa maji hayohayo anapewa amri ileile. Kila bilauri wanayokunywa, alisema, inawaambia miili yao kwamba inatosha.

Nikauliza dawa yake nini. Dawa ilikuwa moja, na mfugaji yeyote angeielewa: kumkausha. Asipewe maji wala pumba mpaka ageuke mweupe kama karatasi, hapo atakuwa amesahau, kisha aonjeshwe kikombe cha watoto kabla ya kitu kingine chochote. Kumkata vipande viwili haiwezekani, atakufa. Kupata mwingine ni kusubiri miaka, na kukua kuna mlango wake ambao ukishafungwa haufunguki. Wa miaka tisa bado walikuwa na nafasi. Kuhusu wa miaka kumi na mitatu, Kibwana alisema hajui, na alisema hivyo bila kuniangalia.

"Kuna jambo jingine," akaongeza. "Mate ya siku moja yangefifia, na ya watoto yangechukua nafasi, maana wao ndio wengi. Huyu anakumbuka kama jana. Kuna mtu anamkumbusha."

Nilizima kioo. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Mtu pekee niliyemfungulia mlango ule kila asubuhi, aliyeingia na chupa ya chai akakaa na mimi, alikuwa mama yangu.

3

Sikumwambia yeyote jambo hilo la mwisho. Yale mengine niliyapeleka kwenye mkutano wa wazee.

Walikuja wakitembea wima. Naomba msomaji alielewe hili kabla hajawahukumu. Floraidi haiishii kwenye meno. Ukiinywa maisha yako yote, uti wa mgongo hugeuka kijiti kimoja, shingo inafunga, na wazee wetu walikuwa wanatembea wameangalia vidole vya miguu yao. Alipokuja Ng'ombe walianza kunyooka, mmoja baada ya mwingine. Mzee Saning'o aliichoma fimbo yake, akachemshia chai kwa moto ule. Tulilia kwa furaha. Hatukuuliza kwa nini dawa ya watoto inawafaa wazee hivyo.

Nilisema yote niliyoambiwa na Kibwana. Hakuna aliyepiga kelele, na hicho ndicho kilichonitisha. Walisikiliza, wakauliza maswali ya busara, wakauliza kama mtoto anaumwa, nikasema haumwi. Wakauliza kama anakula, anacheza, anasoma. Anakula, nikasema, anacheza na anasoma. Ni mtoto, na atabaki mtoto.

"Mtoto ana kesho, Naretoi," akasema Mzee Saning'o, kwa upole kabisa. "Sisi tuna leo tu."

Wakakubaliana kwamba tusubiri Ng'ombe mwingine aletwe. Watoto watakua tu, walisema, mti hauvutwi majani ili urefuke. Baadhi ya akina mama walitikisa vichwa kukubali, maana nao wana mama zao. Mmoja tu, ambaye mwanawe ana miaka kumi na mitatu na sauti ya kifaranga, aliuliza taratibu kama kijana wake ataota ndevu. Mkutano ukafungwa kwa sala.

4

Nilimkuta Yeyo uani, amekaa kwenye kigoda, anamwosha Simaloi miguu kwenye beseni. Ni kazi yake ya kila jioni na hataki kumwachia mtu. Nilimtuma Simaloi dukani akanunue chumvi ambayo hatukuihitaji. Yeyo alijifuta mikono kwenye shuka lake, akainua uso, akaniangalia. Bado sikuwa nimezoea kuangaliwa na mama yangu nikiwa nimesimama.

Nilimuuliza kwa mzunguko kwanza, kama mtoto anavyomuuliza mzazi. Nikasema Kibwana anashangaa. Nikasema Ng'ombe ana kumbukumbu nzuri mno. Yeyo akanikatiza.

"Ninamtemea," akasema. "Ukigeuka kuchukua pumba, ninamtemea. Kila siku."

"Kama baraka?"

"Mwanzoni, baraka. Kisha nikaacha wiki moja nilipougua mafua, na shingo ikaanza kukaza. Nikarudi, ikalegea. Mimi si mjinga, Naretoi."

Nikamuuliza kama alijua kuhusu watoto. Nilitaka aseme hapana. Ningeamini hata kama ingekuwa uongo, ningemshika mkono tukalia pamoja tukatafuta njia. Aliangalia beseni.

"Miguu hii naiosha mimi," akasema. "Nilijua kabla yako. Nilikaa nayo mikononi jioni baada ya jioni, haiongezeki, na asubuhi nikaenda nikatema. Miaka ishirini nimeangalia kinyesi cha mbuzi na visigino vya watu. Mume wangu alikufa sijaona uso wake. Usiniombe nirudi huko. Nikamate, nifungie, lakini usiniombe."

Nilimchukia. Nasema wazi, maana nilimchukia kwelikweli, na wakati huohuo nilitaka kumfunika shuka mabegani kwa sababu upepo ulikuwa umeanza. Simaloi akarudi na chumvi. Yeyo akamwambia akae, mguu mmoja bado haujaoshwa.

5

Kesho yake nilijifungia ndani ya nyumba ya birika, nikafunga bomba la kisima na kuacha maji yaliyobaki yatoke. Mabomba ya kijiji yalipoanza kukoroma watu walielewa.

Wazee walikuja mlangoni. Mzee Saning'o aliniamuru nifungue, kisha akanisihi, kisha akanikumbusha laana ni kitu gani. Nilikaa juu ya gunia la pumba. Vijana wao wangeweza kuuvunja mlango ule kwa dakika chache, na nadhani wangeuvunja, kama asingekuja yule binti wa Rungwe. Mwalimu Tukuswiga alileta darasa lake lote na ubao wa kubebwa, akawakalisha watoto mlangoni pa birika, akaanza kufundisha kuzidisha. Wazee wa Losiroi hawamburuti mwanamke mbele ya watoto. Walisimama kidogo, wakaondoka. Kila asubuhi darasa lilikuja tena, na jioni akina mama wawili watatu walikuja kukaa badala yake. Yule wa kijana wa sauti ya kifaranga hakukosa hata mara moja.

Tulikunywa maji ya mlimani yaliyoletwa na punda wa umeme, vile vigari vya betri, madumu machache yasiyoweza kutosha kijiji kwa siku nyingi, watoto kwanza. Ndani, Ng'ombe alikuwa anakufa nusu. Alijikunja kingo, akatoa harufu ya maziwa yaliyoganda, akaanza kusinyaa. Kwa muda wote niliomchunga sikuwahi kumsikia, lakini sasa alitoa mlio mdogo alipokuwa anapasuka, na mimi niliyeapa kumlisha nilikaa pale na pumba magotini nikimsikiliza. Niliziba masikio kwa khanga. Hatimaye akawa mweupe kote.

Tulichagua saa ya mchana watu wote waone. Watoto walipanga mstari, wakatema kwenye kikombe, wadogo wakicheka kwa kuruhusiwa ufedhuli. Mwalimu akanipa kikombe. Hapo umati ukapasuka katikati, na Yeyo akaja.

Alikuwa amevaa shanga zake zote. Alitembea wima, bila fimbo, polepole, na watu walimpisha kama wanavyompisha mzee. Akaingia hadi ukingoni mwa birika. Akasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia kwamba chanzo cha maji hakifunguliwi bila baraka. Ilikuwa kweli, na hakuna mtu pale ambaye angeweza kusema si kweli. Nikaona mashavu yake yakisogea. Alikuwa anakusanya mate.

Tone moja tu lingetosha. Ng'ombe alikuwa chini yetu, mweupe, hajui chochote, anasubiri wa kwanza.

"Yeyo," nikasema, "nitemee mimi. Mwagia kichwani kwangu yote uliyo nayo. Huyu mwache."

Mdomo wake ulikuwa umejaa. Aliniangalia. Kisha akageuza macho kwa Simaloi, aliyekuwa amesimama na wenzake katika gauni lile la darasa la kwanza, akamwangalia kwa muda ambao siwezi kuupima. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alimeza.

Akageuka akaenda zake. Hakumbariki Ng'ombe, hakunibariki mimi, wala hakumbariki mtu yeyote. Nikamimina kikombe. Nyuma yangu watu walikuwa wanaguna kwamba maji yamefunguliwa bila neno la mzee, kitu ambacho hakijawahi kutokea Losiroi.

6

Watoto walianza kulia. Kibwana alinionya kwamba mfupa uliozuiwa ukiachiliwa huenda mbio, lakini kuonywa si kusikia. Kila nyumba ilikuwa na mtoto anayeshika miundi na kulia mpaka usingizi umchukue. Akina mama waliniangalia kisimani kama mtu aliyewapiga wanao. Simaloi alitoa jino la kwanza ndani ya ugali, akanionyesha kwa woga, akidhani ameharibika. Yule kijana wa miaka kumi na mitatu hajaongezeka hadi leo, na mama yake bado hunisalimu kwa heshima, jambo linaloniumiza kuliko matusi.

Shingo ya Yeyo ilifunga kabla ya mvua za vuli. Kisha mgongo. Hakulalamika na hakunisemesha. Alikula nilichompa, akaosha miguu ya Simaloi kwa kupapasa, kila siku ameinama zaidi kidogo, na sasa mbavu zilikuwa zimeanza kukaza, pumzi ikawa fupi. Nilimsikia akivuta hewa hata nikiwa jikoni.

Mchana mmoja akaniita, mara ya kwanza tangu siku ile. "Naretoi. Njoo nikuone."

Nilikwenda nikasimama mbele yake. Alikuwa amekunjika juu ya kigoda, uso umeelekea ardhi.

"Naona kandambili," akasema.

Nikachuchumaa, haikutosha. Nikapiga magoti, haikutosha. Mwishowe nikalala chali kwenye vumbi, kichwa kati ya miguu yake, nikamwangalia kutoka chini. Alinitazama paji, macho, mdomo, bila haraka, kama anayesoma.

"Unavyolala unajishika kiuno," akasema. "Mgongo umeanza?"

Nilikuwa sijamwambia mtu. Maji yanayomwambia mtoto ajenge yananiambia na mimi nijenge, na mtu mzima hana pa kupeleka mfupa unaozidi. Kibwana aliniambia hilo pia, nami nilimjibu kwamba nimesikia.

"Umeanza, Yeyo."

Akavuta pumzi, ikachelewa, ikaja.

"Basi angalia juu, mwanangu," akasema. "Angalia sana."

Nikaangalia. Juu yangu kulikuwa na uso wake tu.